Mtoto Aliyetolewa Mgongoni

Siku ya kwanza Suzana alipoitwa Mama Kivuko, aligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa choo cha soko na mbuzi mmoja anatafuna boksi. Aliyemwita alikuwa Kija, fundi simu wa pale Mabatini, naye alikuwa anacheka na wenzake wawili.

"Mama Kivuko ndiyo nani?" Suzana aliuliza. Alikuwa anapara magamba, kisu mkononi.

"Natania tu, mama. Nipe sato wa elfu nane. Ila kama wamekwisha usije ukawafuata Busisi, hatutakuona mpaka kesho asubuhi."

Wenzake wakaangua kicheko. Suzana alimpimia samaki wake, akamfungia, akapokea hela. Alidhani ni utani wa vijana wasio na kazi. Lakini siku tatu zilizofuata aliitwa hivyo mara nne, na mara ya nne aliyemwita alikuwa mwanamke mwenzake wa parokiani, tena hakucheka. Aliangalia sato, akamwangalia Suzana toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Leo nitanunua kwa mwingine, Mama Kivuko," akaenda zake.

Meza ya jirani yake ilikuwa ya Agutu, mjane aliyetoka Mara, muuza dagaa. Agutu alisubiri wateja wapungue. Kisha akatoa kitabu chembamba ndani ya mkoba, akakiweka juu ya mizani ya Suzana kana kwamba anataka kipimwe.

"Mwenzangu, nilinyamaza nikidhani unajua. Mwanangu Faith alikuja nacho nyumbani, wamelazimishwa kununua darasa zima. Soma. Mimi nitakuangalizia meza."

Jalada lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye beseni la samaki kichwani, khanga imemlegea kiunoni. Juu yake pameandikwa *Kivuko cha Mwisho*, na chini: *Tamthiliya. R. Machibya*.

Kitabu chenyewe Suzana alikijua. R. Machibya alikuwa mume wake. Mwezi wa kumi na moja Suzana alimpa shilingi laki saba za kuchapisha, hela aliyokuwa akiitunza anunue jokofu la samaki. Alipouliza kinahusu nini, Mwalimu Revocatus Machibya alijibu, "Maadili." Maboksi yalipoletwa, Suzana alitaka kufungua moja aone. Mumewe alimzuia kwa upole. "Acha, Mama Precious. Mikono yako ina samaki, utavichafua."

Alikaa juu ya kreti tupu, akasoma. Suzana aliishia darasa la saba lakini alisoma vizuri, kuliko hata baadhi ya waliomcheka.

Mwanamke wa kitabuni, Mama Kivuko, aliuza samaki Mabatini. Mume wake alikuwa mwalimu, jina lake Stahimili, hanywi pombe, hanyanyui mkono. Mwanamke alikuwa na kovu la kisu kwenye kidole gumba cha kushoto. Alifuata samaki Busisi, ng'ambo ya ziwa, na siku moja alichelewa kivuko cha mwisho makusudi, akalala kwenye banda la mvuvi. Aliporudi alijivuna kwa hela zake, akamdharau mumewe, na kila mume alipotaka kumshika alimwambia, "Usinisogelee leo, nanuka samaki." Mwishoni aliugua ugonjwa usiotajwa jina, akapiga magoti mbele ya baraza la ukoo, akaomba msamaha, akafa. Stahimili alimsamehe.

Suzana aliyasoma yale maneno mara mbili. *Usinisogelee leo, nanuka samaki.* Hakuna mtu duniani aliyewahi kuyasikia isipokuwa mmoja. Aliyasema chumbani, taa imezimwa, siku aliyokuwa amesimama tangu saa kumi alfajiri, na aliyasema kwa aibu.

Alifunga kitabu. Alipokishika tena kisu chake, Agutu alimnyang'anya taratibu akakiweka mbali.

*

Wanawake wa Mabatini walimhesabu Suzana kuwa na bahati. Mume hanywi, hapigi, hana nyumba ndogo inayojulikana, na Jumapili anasoma masomo kanisani kwa sauti nzuri. Hiyo ilitosha kumfanya malaika. Hakuna aliyeuliza malaika huyo anakula nini. Nyumba ilisimama kwenye kiwanja ambacho marehemu mzee Malimi alimpa Suzana, binti yake. Ilijengwa tofali kwa tofali kwa hela ya samaki, na mshahara wa mwalimu, ambao mara ulitoka mara haukutoka, ulifanya kazi zake wenyewe ambazo hazikuulizwa.

Suzana alimkuta mumewe sebuleni mchana ule anasahihisha madaftari. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu.

"Baba Precious, huyu mwanamke ni nani?"

Mwalimu aliliona jalada, akavua miwani. "Ni mhusika."

"Mhusika wa nani?"

"Wa kubuni, Mama Precious. Ndiyo fasihi hiyo. Mwandishi huchota kwenye jamii."

"Jamii." Suzana aliweka mkono wake wa kushoto juu ya madaftari. "Nionyeshe kidole gumba cha jamii."

Mwalimu alikiangalia kile kidole, akatazama pembeni. "Wanawake wengi wana makovu."

"Na wanaosema wananuka samaki? Uliwasikia wapi? Uliingia vyumbani mwao?"

Alitabasamu, tabasamu la kumwonea huruma mwanafunzi mzito. "Unaisoma kazi kijuujuu. Mama Kivuko si wewe. Ni ishara. Anawakilisha tamaa ya mali inavyobomoa familia."

"Jokofu langu lililochapisha ishara yako, nalo ni tamaa?"

Mwalimu akafungua daftari jingine. Suzana alifungua ukurasa wa ishirini na sita, akauweka mbele yake.

"Usiku ule nilikosa kivuko kwa sababu nilikuwa bado napima dagaa. Simu iliishiwa chaji. Na sikuwa peke yangu. Precious alikuwa na mwaka mmoja, bado ananyonya, nilikuwa naye mgongoni, tena anaumwa homa. Humu nimemtafuta sijamwona. Mwanamke amekosa kivuko, yuko peke yake, anacheka. Mtoto umempeleka wapi?"

"Mtoto angeharibu mtiririko," Mwalimu alisema.

Alisema haraka, kama fundi anayeeleza kwa nini alikata ubao mahali fulani. Halafu akasikia alichokisema, akaanza kufuta miwani kwa pindo la shati.

Suzana alivuta kiti akakaa. "Unaamini nililala na mtu?"

"Sijasema hivyo."

"Sijauliza umesema nini."

"Mwanaume akikaa usiku kucha, mke hayupo, simu haipatikani, anawaza. Ni ubinadamu. Lakini mimi sikukupiga, Suzana. Sikukufukuza, wala sikukuuliza hata swali moja. Nilistahimili. Taja wanaume watatu hapa Mabatini ambao wangestahimili."

Kumbe. Miaka kumi na tano mtu huyu aliketi mezani kwake, akaondoa miba ya samaki wake kwa uangalifu, akamshukuru Mungu kwa chakula, huku moyoni akijipongeza kwa kumsamehe kosa ambalo hakulifanya. Asingekuwa mpole, pengine angeuliza siku ile ile, akajibiwa, yakaisha. Upole wake ndio uliomtunzia ile tuhuma ikakaa salama mpaka ikawa kitabu.

"Ungeniuliza," Suzana alisema. "Ungefungua tu mdomo ukaniuliza."

Kati ya madaftari yale lilikuwepo la Precious. Walisoma na kufundisha shule moja, baba na binti, Precious akiwa kidato cha tatu. Suzana aliutambua mwandiko wa mwanaye, mviringo, safi. Juu ya ukurasa palikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula: *Nafasi ya mwanamke katika tamthiliya ya Kivuko cha Mwisho.* Chini yake: *Mwanamke amechorwa kama msaliti wa ndoa. Mwanamke amechorwa kama mtu mwenye tamaa. Mwanamke amechorwa kama chanzo cha maradhi.* Pembeni kulikuwa na vema tatu nyekundu na neno *Safi.*

Yaani baba aliandika ubaoni, na mtoto akamnakili mama yake, akapewa maksi.

"Ijumaa mnaigiza," Suzana alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Usiigize. Tafuta kingine."

"Haiwezekani. Mgeni rasmi anatoka Dar, kampuni ya vitabu. Wakikichukua kitasomwa nchi nzima."

"Nchi nzima," Suzana alirudia.

"Huelewi maana yake kwetu?"

"Na Precious ndiye anayeigiza. Aliniomba khanga, nikampa ile yangu nzuri. Sikujua namvalisha nini."

"Ana sauti kuliko wote," Mwalimu alisema, na kwa kweli alikusudia kumfurahisha. "Amerithi kwako."

*

Siku hizi Busisi si mbali. Yale maji yaliyomlaza Suzana ng'ambo, sasa gari linayapita juu ya daraja kwa dakika chache, na abiria wengine hawanyanyui hata macho kutoka kwenye simu. Jumatano alifika mwaloni, ufukwe wa wavuvi, mapema, mitumbwi inashusha.

Alexander alikuwa na mitumbwi mitatu, na Suzana alinunua kwake kwa miaka sita. Siku hiyo alimwachia ajaze beseni, kisha akaweka mkono juu ya samaki.

"Bei yako leo tukaongelee kule ndani." Alionyesha banda kwa kidevu. Vijana waliokuwa wanakunja nyavu wakaacha kukunja.

"Bei ya samaki inaongelewa kwenye mizani."

"Miaka sita nakuuzia hata chai hunipi, kumbe wenzangu walikuwa wanapewa. Nimeona kipande kwenye simu, wanafunzi wanafanya mazoezi. Mumeo mwenyewe kaandika, mimi ni nani nipinge?"

Suzana alishika beseni kwa pande mbili, akalipindua. Sato wote wakamwagikia mchangani, wengine bado wanapiga mikia.

"Jiuzie," alimwambia.

Alizunguka mitumbwi mingine. Wawili walisema samaki wao wameshachukuliwa. Wa tatu alimuuzia nusu beseni ya samaki wadogo. Jua lilikuwa limepanda, barafu inayeyuka, na Suzana alihisi kama kila mtu mwaloni anamsoma.

Alikwenda kukaa kwa mama Selina, mama lishe, mzee sasa, jicho moja lina ukungu. Kibanda kilikuwa kile kile, ila mabati yalikuwa mapya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona beseni jepesi?"

Suzana alimweleza. Alieleza kwa sauti ya kawaida mpaka alipofika kwenye mtoto, hapo maneno yakakwama. Mama Selina alimalizia mwenyewe.

"Ulikaa pale," alisema, akionyesha kona penye gunia la mkaa. "Nilikupa mkeka ukakataa, ukasema ukilala utamlalia. Kila ukisinzia unashtuka, unamgusa paji la uso. Alfajiri nikampikia uji akaunywa wote. Yuko wapi siku hizi?"

"Ni msichana mkubwa."

"Basi mimi niite. Nitapanda gari nije niseme mbele ya huyo mumeo na mbele ya padri. Mimi ndiye niliyekuwepo."

Suzana alilitazama lile gunia la mkaa. Ilikuwa rahisi kukubali. Shahidi mzee, mcha Mungu, mwenye mvi. Watu wangemwamini.

"Hapana, mama," alisema mwishowe. "Asante. Nikikuleta shahidi, nitakuwa nimekubali kwamba nina kesi."

*

Jumatano hiyo hiyo jioni Bernadeta, mwenyekiti wa kina mama wa parokia, alifika na wenzake wawili. Walikataa soda. Walisema hawahukumu mtu. Walisema ni vizuri Suzana apumzike kidogo kupeleka vipaji altareni siku ya Jumapili, mpaka maneno yatulie.

"Maneno ya nani?" Suzana aliuliza.

"Ya watu tu."

"Hayana mwenyewe? Mume wangu amesaini jalada. Mnamwondoa kwenye kusoma masomo?"

Wakaangaliana. Bernadeta akasema Mwalimu ni mwandishi, hilo ni jambo jingine.

Walipoondoka, Precious alitoka chumbani. Alikuwa amesikia. Alisimama akivuta kucha, umri wake miaka kumi na sita, mrefu kama babu yake Malimi.

"Mama, mimi nilidhani unajua."

"Ninajua nini?"

"Baba alisema umekisoma. Alisema ulicheka, ukasema ni kizuri. Mimi ningekataa, mama. Darasani wananiita mtoto wa Kivuko, nikamwambia baba, akasema hata mama yako amekubali, wewe ni nani ukatae."

Suzana angepiga kelele. Badala yake alimvuta binti yake akamkalisha, akamwambia habari ya usiku ule yote: dagaa, simu, homa, gunia la mkaa, uji. Precious alikuwa hajawahi kuisikia. Haikuwa hadithi nyumbani kwao. Ilikuwa ni safari tu ya kazi iliyochelewa.

"Kwa hiyo na mimi nilikuwepo," Precious alisema.

"Ulikuwepo."

"Nifanye nini keshokutwa?"

"Mimi sikutumi wala sikukatazi. Usije ukaniambia kesho nilikutuma. Nimekwambia tu ulikuwa wapi."

*

Bwalo la shule lilijaa. Mgeni kutoka Dar alikaa mbele, mwanamume mnene mwenye kitambaa cha kufutia jasho, pembeni yake mkuu wa shule, Mwalimu Chenge. Suzana alikaa nyuma, katikati ya wazazi. Alivaa gauni lake la kitenge la harusi. Agutu alifunga meza yake akaja naye, na kwa Agutu kufunga meza siku ya Ijumaa si jambo dogo.

Watu walicheka sana. Walicheka mwanamke alipohesabu hela mbele ya mume wake. Walicheka aliposema ananuka samaki. Precious aliigiza vizuri mno, kila neno lilifika mpaka ukutani, na wazazi waligeuka kumwangalia Suzana usoni waone anavyolipokea. Hakuinamisha kichwa. Agutu alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukafa ganzi.

Likaja baraza la ukoo. Kijana wa kidato cha nne aliyeigiza Stahimili alisimama, ndevu za pamba kidevuni.

"Mke wangu, mbele ya wazee hawa nakuuliza. Usiku ule ulilala wapi?"

Hapo Mama Kivuko hupiga magoti na kusema, *Nimekosa, bwana wangu.* Precious hakupiga magoti. Alisimama akiwa amejifunga khanga ya mama yake. Kijana akarudia swali. Mwanafunzi aliyeshika kitabu pembeni akanong'ona, "Nimekosa, bwana wangu."

Mwalimu Revocatus alijitokeza nusu mwili kutoka nyuma ya pazia. "Piga magoti!" alisema. Na binti alipobaki wima, aliongeza kwa sauti ambayo nyumbani hakuwahi kuitumia: "Precious! Piga magoti!"

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Precious hakumwangalia Stahimili. Aligeuka akamwangalia baba yake.

"Nililala Busisi kwa mama lishe," alisema. "Mimi na mama. Nilikuwa na homa. Mama alikaa macho mpaka asubuhi. Baba, mimi nilikuwepo, mbona hukuniuliza mimi?"

Kicheko kilikatika vipande vipande, walio mbele kwanza, walio nyuma baadaye. Precious aliendelea kusimama. Mwalimu Chenge aliruka kutoka kwenye kiti, akapiga makofi mara mbili, akatangaza kwamba chakula kiko tayari kwa wageni waalikwa.

*

Jumatatu barua ilikuwa tayari. Precious alisimamishwa wiki mbili kwa kuharibu shughuli ya shule mbele ya mgeni, na atakaporudi ataomba radhi mbele ya shule nzima. Ilisainiwa na mkuu wa shule. Chini yake ilikuwepo saini ya mlezi wa klabu ya sanaa. Suzana aliijua ile saini. Ilikuwa kwenye cheti chao cha ndoa.

Ofisini Mwalimu Revocatus alikaa upande wa shule, kando ya meza ya mkuu wake. Suzana na Precious walikaa upande wa pili kwenye benchi.

"Aombe radhi kwa kosa gani?" Suzana aliuliza.

"Limeandikwa, mama," Chenge alisema. "Aliacha maneno ya mwandishi."

"Akasema ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe."

"Basi andika hivyo. Kosa: alisema maneno yake mwenyewe. Nitaisaini sasa hivi."

"Mama, hapa si sokoni."

"Naona. Sokoni mtu akiuza kilichooza anarudishiwa."

Chenge alipumua kwa pua. "Mwalimu, zungumza na mkeo."

Mwalimu Revocatus alikuwa anaangalia sakafu. Alizungumza bila kuinua macho. "Suzana, mwache aombe radhi yaishe. Ni maneno mawili tu."

"Kitabuni ulimtoa mgongoni kwangu, nikachelewa kujua," Suzana alisema. "Hapa humtoi." Akasimama. Hakumpa mtu mkono. Aliomba uhamisho wa binti yake uandikwe, na alipoambiwa mchakato ni mrefu, alirudi kukaa kwenye benchi akasema atausubiri. Waliandika saa nane mchana.

*

Kwa siku tano watu watatu waliishi nyumba ile kama wapangaji. Siku ya sita, Jumamosi, Suzana alirudi kutoka sokoni kabla ya saa sita. Biashara ilikuwa mbaya. Alimkuta mume wake mezani anaandika, uso umechangamka kama kijana.

"Mama Precious, kaa. Nina habari njema. Yule mgeni amepiga simu."

Suzana hakukaa.

"Anasema mwisho ulioandikwa ni wa kawaida, lakini ule wa Precious umempiga. Anasema hajawahi kuona kitu kikali namna ile. Niuandike upya. Wakikichukua, ndio huo watakaouchapisha. Umeona? Hata mtoto nimemrudisha." Aligeuza karatasi amwonyeshe. "Na mwanamke sasa ni jasiri. Watu watakuheshimu."

Precious alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Alisogea akasoma juu ya bega la baba yake. Pale, kwa mwandiko wa kalamu nyeusi, palikuwa na maneno aliyoyasema bwaloni, yote, mpaka lile swali la mwisho.

"Baba, nimefukuzwa shule kwa maneno haya."

"Hukufukuzwa, ulisimamishwa. Na lile ni suala la nidhamu. Hili ni suala la fasihi."

Alisema kwa utulivu kabisa, akitenganisha mambo mawili kama anavyofanya ubaoni. Precious aliinama akachukua karatasi zote tatu. Hakuzichana. Alizikunja mara moja, mara ya pili, akazitia mfukoni mwa sketi.

"Hizi ni zangu," alisema, akarudi jikoni kugeuza ugali.

Mwalimu alimgeukia Suzana. "Unamwona? Umemfundisha wewe hivyo?"

"Usiku ule wa barua ya shule nilikuomba kitu kimoja tu. Useme ukweli kwa mdomo wako, kwa Bernadeta, kwa mkuu wako, mwaloni kwa Alexander. Ulisema mwanaume hawezi kusimama mbele ya watu akasema mke wake hakukosa. Sasa neno hilo unaona aibu kulisema bure, lakini huoni aibu kuliuza."

"Suzana, hiki kitabu kitatutoa."

"Kitakutoa wewe. Na leo kikutoe."

Aliingia chumbani. Sanduku lilikuwa la mumewe tangu chuo cha ualimu. Alipanga mashati meupe, moja moja, yamekunjwa vizuri, kwa sababu ni yeye aliyeyapiga pasi na mikono yake haikujua kukunja vibaya. Maboksi ya vitabu aliyavuta kutoka uvunguni mpaka barazani. Mwalimu alimfuata nyuma akisema atamwita mshenga, akisema atamwita padri, akisema huyu si Suzana aliyemwoa. Suzana alikubali hilo la mwisho kwa kichwa.

"Kiwanja hiki nilipewa na baba yangu," alisema. "Sikufukuzi usiku, hata chakula cha mchana hakijaiva. Nenda kwa mama yako Usagara. Nimekuitia bajaji."

Bajaji ilikuwa imekwishasimama nje. Majirani walikuwa wametoka na viti vyao. Dereva alipakia sanduku, akapakia maboksi, akauliza kama kuna kingine. Mwalimu Revocatus alisimama katikati ya uwanja na kalamu zake mbili mfukoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yao hakuwa na neno lolote tayari.

"Sasa nikifika Usagara," alisema taratibu ili majirani wasisikie, "mama na ndugu zangu wakiniuliza nimerudi kwa nini, niwaambie nini?"

Suzana alimwangalia. Hasira ilikuwa bado imemjaa, wala haikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Tunga," alimwambia, akaingia ndani kula.